Nukta Niliyoifuta

Ndugu msomaji, makala hii nimeiahirisha kwa muda mrefu kwa sababu inahusu kosa langu mwenyewe, na mwalimu wa mbinu za utafiti haoni raha kukiri hadharani kwamba alikosea jambo analolifundisha kila mwaka. Lakini kila msimu wa bajeti unapofika, na mjadala wa mishahara ya watumishi wa umma unapoanza upya, huwasikia watu wakirushiana wastani wa huku na wastani wa kule, nami hukumbuka chumba kimoja cha mikutano, mchoro mmoja ukutani, na swali la dada mmoja ambalo sikuwa na jibu lake.

Miaka michache iliyopita, jumuiya ya wanataaluma katika chuo ninakofundisha ilikuwa ikiandaa madai ya kupeleka kwa uongozi. Kikao cha kwanza kilivunjika. Wenzetu wa fani za lugha na historia walikuwa na hakika kwamba idara za biashara na sayansi zinalipwa vizuri zaidi. Wenzetu wa biashara walijibu kwamba wao ndio wanaobeba chuo mabegani, kwa kuwa darasa lao moja lina wanafunzi wengi kuliko idara nzima ya watu fulani. Kila upande ulikuwa na mfano wa mtu mmoja anayemfahamu. Kelele zilipozidi, Mwenyekiti alinigeukia akasema, "Daktari, wewe ndiye unayewafundisha watoto takwimu. Tuletee picha, maneno tumeshiba."

Sikatai kwamba nilifurahi. Ni mara chache mtu wa takwimu huombwa jambo na umma wa wasomi wenzake.

Sikuwa na idhini ya kuona orodha ya mishahara ya chuo, wala sikuitaka. Nilitengeneza fomu fupi isiyo na nafasi ya jina. Iliuliza mambo manne: idara, cheo, mwaka wa kuajiriwa, na mshahara wa msingi kabla ya makato. Nikachukua sanduku la kadibodi lililokuja na karatasi za kuchapia, nikalikata mwanya juu, nikaliweka katika chumba cha chai kwa wiki mbili. Watu walijaza kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Kisha nikakaa kuchora masanduku mengine, yale ya kitakwimu, ambayo ndiyo kiini cha makala hii.

Kwa msomaji ambaye hajayaona, nieleze kwa mfano wa kubuni. Tuseme idara ina watu 11, na mishahara yao kwa mwezi, ikihesabiwa kwa laki za shilingi na kupangwa kuanzia mdogo, ni 10, 12, 13, 14, 15, 16, 18, 20, 21, 23 na 48. Mtu wa sita, aliye katikati kabisa, anapata laki 16. Hiyo ndiyo mediani: watano wako chini yake na watano juu yake. Katikati ya nusu ya chini kuna 13, na katikati ya nusu ya juu kuna 21. Chora sanduku kuanzia 13 hadi 21, upige mstari ndani yake kwenye 16. Takriban nusu ya idara imo ndani ya sanduku hilo. Urefu wa sanduku ni 8. Zidisha kwa moja na nusu, upate 12. Yeyote aliye mbali na ukingo wa sanduku kwa zaidi ya 12, yaani juu ya 33 au chini ya 1, huchorwa kama nukta peke yake. Waliobaki huunganishwa na sanduku kwa mistari miwili ambayo wanafunzi wangu huiita masharubu, mmoja ukishuka hadi 10 na mwingine ukipanda hadi 23. Yule wa laki 48 anabaki kuelea juu, nje ya masharubu.

Sasa tazama wastani. Jumla ya mishahara hiyo ni laki 210. Ukiigawa kwa watu 11 unapata laki 19 na ushei. Kati ya watu 11, saba wanapata chini ya "wastani" huo. Kiongozi anayesimama jukwaani na kutangaza kwamba idara hii inalipwa wastani wa laki 19 hajasema uongo, ila amewavika watu saba koti la mtu mmoja. Na akiongeza mishahara kwa asilimia 10 kwa wote, aliye chini kabisa atapata nyongeza ya laki moja, na aliye juu kabisa atapata laki nne na elfu themanini. Sanduku litapanda, ni kweli, lakini pia litarefuka. Haya yote mchoro unayaonyesha kwa kutazama mara moja, na wastani unayaficha.

Mchoro huu si wa zamani sana. Mwaka 1952 mwanamama Mmarekani aitwaye Mary Eleanor Spear alikwisha kuchapisha umbo linalofanana nao katika kitabu chake cha uchoraji wa takwimu. Aliyeuenea nao jina ni John Tukey, mwanahisabati wa Princeton, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu uchunguzi wa awali wa data. Msimamo wa Tukey ulikuwa kwamba kabla ya kuthibitisha jambo lolote mtafiti ana wajibu wa kutazama, na kwamba picha nzuri ni ile inayotulazimisha kuona tusichokitarajia. Kanuni ya moja na nusu aliiweka ili nukta za pembeni zionekane, zichunguzwe. Hakuiweka ili zifutwe. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi hivyo kila mwaka.

Kila mwaka pia nilikuwa nikiwapa zoezi lilelile. Kuna jedwali la mishahara ya wanataaluma wa chuo kimoja cha Marekani kwa mwaka wa masomo 2008–2009, linalotumika sana kufundishia takwimu. Lina watu 397, na lilikusanywa na uongozi wa chuo hicho wenyewe ili kufuatilia tofauti za malipo kati ya wanaume na wanawake. Mediani ya mishahara ya miezi tisa ni dola 107,300. Idara zimegawanywa makundi mawili, za nadharia zenye watu 181 na za matumizi zenye watu 216. Wanaofundisha idara za matumizi wanapata wastani wa dola 118,029, na wale wa nadharia dola 108,548. Tofauti ni kama dola 9,500.

Wanafunzi hufikia hapo na kuweka kalamu chini. Huwaambia waiokote tena, wagawanye kila sanduku kwa cheo. Ndipo maajabu hutokea. Miongoni mwa maprofesa peke yao, tofauti kati ya idara za matumizi na za nadharia haipungui, bali inapanda hadi kama dola 13,400. Sababu ni kwamba idara za nadharia zina maprofesa wengi kwa uwiano, 131 kati ya 181, ilhali za matumizi zina 135 kati ya 216. Wingi wa wazee ulikuwa ukiliinua sanduku la nadharia na kufunika sehemu ya pengo.

Kisha huwaambia wafanye vivyo hivyo kwa wanaume na wanawake. Wanawake wana wastani wa dola 101,002, wanaume 115,090. Tofauti ni kama dola 14,000. Gawanya kwa cheo, na miongoni mwa maprofesa tofauti inashuka hadi kama 5,000. Hapa vijana wengi hufurahi na kusema, "Kumbe hakuna ubaguzi mkubwa, ni suala la cheo tu." Nami huwauliza swali ambalo ndilo lengo la zoezi zima: katika maprofesa 266 wa chuo kile, wanawake ni wangapi? Ni 18. Cheo kimeeleza sehemu kubwa ya pengo, lakini cheo chenyewe nani atakieleza? Kueleza si kuhalalisha. Ukishasema "ni suala la cheo" umehamisha swali tu, kutoka mlango wa mhasibu kwenda mlango wa kamati ya kupandisha vyeo.

Nimesimulia zoezi hili kwa kirefu ili msomaji aelewe kwamba sikukosea kwa kutojua.

Rudi nami sasa kwenye chumba cha mikutano. Siku ya kikao cha pili niliwasha projekta, nikaonyesha masanduku ya idara zote, moja baada ya jingine, na chini ya kila sanduku nimeandika idadi ya watu waliojaza fomu. Ulikuwa mchoro safi. Na ulishangaza kila mtu, kwa sababu sanduku la idara ya lugha lilikuwa juu ya sanduku la idara ya biashara. Wale waliodhaniwa matajiri walikuwa chini.

Chumba kililipuka. Mwenzetu mmoja wa biashara alisimama akiwa na kidole hewani. "Mnaona? Tunasahihisha mitihani ya mamia, wao wana madarasa ya kukaa kuizunguka meza moja, halafu wao ndio wako juu!" Watu wa lugha walikunja mikono wakatabasamu, kama watu waliotakaswa na mahakama. Mwenyekiti aligonga meza. Mimi nilisimama kando ya picha yangu nikiwa na kifimbo, nikijiona mtu aliyeleta nuru, nisitambue kwamba nilikuwa nimeleta petroli.

Ndipo akasimama dada mmoja wa idara ya lugha. Ninamwita dada kwa heshima, maana amenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Alifundisha kwa miaka mingi akiwa na shahada ya uzamili, akalea familia, na shahada ya uzamivu aliipata akiwa amekwishapita miaka hamsini, akiandika tasnifu yake usiku baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Si mtu wa kelele.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mchoro huu unatupendeza sana sisi wa lugha. Nina swali dogo tu kwa Daktari. Chini ya sanduku letu ameandika 13. Sisi tuko 14, na tulikubaliana wote tujaze, na tulijaza. Nani ametolewa?"

Nilimjibu bila kusita, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Nilimweleza kwamba katika kusafisha data huwa kunajitokeza fomu zenye makosa ya uandishi. Kwamba katika idara yao kulikuwa na fomu moja ambayo cheo kilisema Mhadhiri lakini mshahara ulikuwa wa Mhadhiri Msaidizi. Kwamba thamani hiyo ilianguka mbali sana chini ya masharubu kwa kuwa wengine wote katika idara ile ni Wahadhiri Waandamizi na Maprofesa. Na kwamba kitaalamu thamani ya aina hiyo huondolewa ili isiharibu picha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Halikuwa kosa la uandishi, mdogo wangu. Fomu ile ni yangu. Barua ya cheo ninayo kabatini mwaka wa nne huu. Mshahara ndio bado haujaambiwa."

Kikao kilinyamaza. Yule wa biashara alikaa chini polepole.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Katika idara iliyokuwa ikinyooshewa kidole kwamba inapendelewa, alikuwemo mtu anayelipwa chini ya kazi yake, na mimi nilikuwa nimemwondoa kwa kubonyeza kitufe kimoja ili picha ipendeze. Kazi ile ilinichukua sekunde chache. Mtu aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kuonekana ukutani siku ile ndiye pekee niliyemfuta. Na kama wenzake idarani wasingekubaliana kujaza wote, na kama yeye asingekuwa mtu wa kuhesabu, madai yetu yangekwenda kwa uongozi bila yeye, yakiwa na sahihi yangu ya kitaalamu.

Baada ya kikao nilimfuata chumba cha chai kumwomba radhi. Aliendelea kukoroga sukari. "Wewe si wa kwanza kunifuta," aliniambia. "Wenzako walitumia kalamu, wewe umetumia kompyuta." Halafu akaniuliza kama nitapenda maandazi. Nilikula, ingawa hayakupita kooni kwa urahisi.

Usiku ule nilirudi kwenye fomu nilizokuwa nimeziweka kando kama "makosa". Zilikuwa nne, kutoka idara nne tofauti. Zote zilikuwa na umbo lilelile, cheo kimetangulia na mshahara umebaki nyuma. Fomu moja ya aina hiyo waweza kuiita kuteleza kwa kalamu. Nne zinakuwa habari. Nilikuwa na ushahidi mkubwa kuliko wote katika utafiti ule, nami nilikuwa nimeusukumia kwenye kona ya meza.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa sana. Wanakumbuka mwaka 2016, ajira mpya, upandishaji vyeo na nyongeza za mishahara viliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na mwaka 2017 ilipotangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki una sababu zake, na fedha za umma zinastahili kulindwa. Lakini nje ya misimu hiyo mikubwa ipo misimu midogo isiyotangazwa popote: barua iliyotoka bila kufuatiwa na badiliko la mshahara, jalada lililotumwa masijala likakosa ukurasa mmoja, afisa aliyehamishwa akaondoka na kumbukumbu ya nani alikuwa akingoja nini. Neno letu ni malimbikizo, na tumelizoea kiasi kwamba halitushtui tena. Kwa mtu anayekaribia kustaafu, mshahara uliobaki nyuma haumdhuru leo peke yake. Pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara, kwa hiyo kosa la leo litamfuata hadi uzeeni.

Nilichora upya. Safari hii sikuacha masanduku peke yake. Niliweka nukta ya kila aliyejaza juu ya sanduku lake, na zile nne nikazirudisha mahali pake. Kisha nikafanya nililopaswa kulifanya tangu mwanzo, nikagawanya kwa cheo. Tofauti kati ya lugha na biashara ikayeyuka karibu yote. Jambo hilo halipaswi kumshangaza mtu. Katika vyuo vikuu vyetu vya umma mshahara wa msingi wa mwanataaluma hufuata ngazi moja ya kitaifa. Mhadhiri wa fasihi na Mhadhiri wa uhasibu wanasimama kwenye ngazi ileile. Si kama kile chuo cha Marekani, ambako soko hulipa idara kwa viwango tofauti hata ndani ya cheo kimoja. Kwetu, sanduku la lugha lilikuwa juu kwa kuwa idara ile ni kongwe na imejaa watu waliopanda zamani. Sanduku la biashara lilikuwa chini kwa kuwa idara ile ni changa na imejaa Wahadhiri Wasaidizi.

Ningeweza kuishia hapo na kutangaza amani, lakini lile swali ninalowauliza wanafunzi lilikuwa likiningoja na mimi: cheo chenyewe nani atakieleza? Kwa nini vijana wa biashara hawapandi? Nilipokwenda kuongea nao, jibu halikuwa gumu. Mwanataaluma hupanda kwa kuandika na kuchapisha, na anayefundisha madarasa ya mamia hana muda wa kuandika. Mwisho wa muhula, mwenzake anapomaliza kusahihisha, yeye hajafika nusu ya marundo. Kwa hiyo wale wa biashara walikuwa na haki ya kulalamika, ila walikosea mtuhumiwa. Aliyewabana hakuwa mwalimu wa lugha bali mgawanyo wa mzigo wa kazi. Na wa lugha nao walikuwa na malalamiko ya haki, kwani katikati yao kulikuwa na nukta inayodidimia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sote tulikuwa tumesimama nje tukigombania rangi ya milango.

Yapo mambo ambayo hata mchoro wangu wa pili haukuyaonyesha, na ni lazima niyataje. Fomu iliuliza mshahara wa msingi. Haikuuliza posho, wala malipo ya madarasa ya jioni, wala fedha za ushauri elekezi, na huko ndiko idara zetu zinakotofautiana kwelikweli. Mwalimu wa biashara au uhandisi anaweza kupata kazi ya nje ambayo mwalimu wa historia ataisikia redioni tu. Minong'ono iliyovunja kikao cha kwanza haikuwa ya uongo mtupu. Ilikuwa ikizungumzia fedha nyingine. Pia fomu zangu ziliwekwa katika chumba cha chai cha waajiriwa. Walimu wa muda, wanaolipwa kwa saa na kuondoka na basi la jioni, hawakuwa na kikombe humo, achilia mbali fomu. Hao hawakuwa hata nukta. Mtu hawezi kuwa nje ya masharubu kama hakuwahi kuhesabiwa.

Kutokana na tukio lile nimejiwekea masharti machache, nami nayatoa kwa yeyote atakayelazimika kulinganisha mishahara ya idara, iwe chuoni, hospitalini au halmashauri. Kwanza, andika idadi ya watu chini ya kila sanduku, na waache watu wenyewe waihakiki. Namba 13 ndiyo iliyoniumbua, na ni afadhali iliniumbua. Pili, usitaje wastani bila mediani. Tatu, kabla ya kusema idara moja inapendelewa, gawanya kwa cheo. Na ukishagawanya, usiseme kazi imekwisha, uliza watu wamekipataje cheo au wamekikosaje. Nne, nukta ya pembeni usiifute kabla hujaongea na mtu aliye nyuma yake au na karatasi iliyomleta. Huenda kweli ikawa sifuri iliyozidi. Huenda pia ikawa ndiyo sababu ya utafiti kufanyika. Tano, linda siri. Katika idara ya watu wachache, nukta moja ni sawa na jina. Dada yule alijitaja mwenyewe kwa hiari yake. Mimi sikuwa na haki ya kumtaja, na hata leo simtaji. Ninajua kwamba kuna nchi ambako mishahara ya vyuo vya umma huwekwa wazi kwa majina. Chuo Kikuu cha California huchapisha ya kwake kila mwaka. Kwetu hatujafika huko, na sina hakika kama ningependa tufike huko kabla hatujajifunza kusoma orodha kama hiyo bila kugeuza jirani kuwa adui.

Wanaharakati nao niwaambie neno. Mtawala akitaka kuwashinda wafanyakazi hahitaji kuwanyima takwimu. Anaweza kuwapa masanduku mawili yasiyo na maelezo, akaenda kunywa chai huku wao wakishikana mashati. Mimi nilikuwa karibu kumfanyia kazi hiyo bure, tena kwa nia njema.

Madai yetu yalipokwenda kwa uongozi, ukurasa wa kwanza haukuwa na neno kuhusu idara. Ulikuwa na orodha ya watu ambao mishahara yao haikulingana na barua zao za vyeo, kila mmoja akiwa ametoa ridhaa. Ukurasa wa pili ulihusu mzigo wa kazi. Nyongeza ya jumla ilikuja ukurasa wa tatu. Mwenzetu yule wa biashara ndiye aliyeusoma ukurasa wa kwanza mbele ya wakubwa, tena kwa sauti kubwa kuliko aliyoitumia kikaoni.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Dada yule alibadilishiwa mshahara katika mwaka wa fedha uliofuata. Malimbikizo ya miaka iliyopita bado yalikuwa "yanahakikiwa" siku tulipomwandalia hafla ya kumuaga, na nilipoongea naye kwa simu mwezi uliopita yalikuwa hayajamfikia. Aliniuliza kama bado nawafundisha watoto kuchora masanduku. Nilimwambia ndiyo. Akaniuliza kama siku hizi nahesabu kwanza.

Nahesabu kwanza. Na ikiwa wewe unayesoma haya uko katika ofisi ya utumishi, au masijala, au mahali popote ambapo majalada hupita mezani kwako, nakuomba kesho asubuhi ufanye hesabu fupi: barua za vyeo zilizotoka ni ngapi, na mishahara iliyobadilishwa ni mingapi. Namba hizo mbili zisipolingana, katafute jalada la huyo aliyebaki.